Mgonjwa wa Unga na Pombe: Kumpeleka Katika Nyumba ya Tiba

KHUTBA YA KWANZA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamtukuza kwa akili, akamfanya mwangalizi wa nafsi yake na wa watu wa nyumbani kwake. Twamhimidi, twamtaka msaada, na twamwomba maghufira. Twashuhudia kwamba hapana mola apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na twashuhudia kwamba bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimfikie yeye, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya haya. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, twausiana nanyi, pamoja na nafsi zetu, juu ya kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini, nanyi akina mama na wagonjwa mnaotusikiliza majumbani kwa redio: leo tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi za pwani yetu husemwa kwa kunong'ona. Hukumu ya ulevi mnaijua, wala hapana aliyesoma hata juzuu chache asiyejua kwamba ulevi uliharimishwa kwa uwazi katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90. Tunalolitaka leo ni jambo linalokuja baada ya hukumu. Mtu wa nyumba yetu akisha kuwa mfungwa wa unga au wa pombe, tufanye nini naye? Tumfiche? Tumfukuze? Au tumpeleke akakae katika nyumba ya tiba, na kama tutampeleka, ni wakati gani, mahali gani, na kwa masharti gani?

Swali hili si dogo. Wako wazazi waliouza kiwanja cha urithi wakampeleka mtoto mahali pasipofaa, akarudi vile vile na kiwanja kimekwenda. Na wako waliongoja kwa haya mpaka wakaitwa chumba cha maiti. Kwa hivyo yatupasa tuliangalie jambo hili kwa utulivu, kama tunavyoangalia mambo ya mirathi na ndoa.

Ndugu Waislamu, la kwanza la kufahamu ni kwamba katika mtu huyu mmekutana mambo mawili, nayo yote mawili ni kweli. Kuanza kwake kutumia ulevi kulikuwa ni maasi, naye atahitaji kutubu. Na hali aliyofika sasa ni maradhi, naye atahitaji kutibiwa. Anayesema ni dhambi tu humnyima mgonjwa dawa. Anayesema ni maradhi tu humnyima mja mlango wa toba. Dini yetu imetufundisha yote mawili, kwani Mtume (S.A.W.) aliyeamrisha toba ndiye huyo huyo aliyewaamrisha watu wajitibu, akawajulisha kwamba kila maradhi yana dawa yake isipokuwa uzee.

Unga ulianza kuingia kwa wingi katika bandari zetu, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, katika miaka ya 1980. Mwanzo ulikuwa ukivutwa kwa moshi, na wengi wakadhani ni jambo la anasa litakalopita. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1990 ukaja unga mweupe, na sindano ikaingia mitaani, na pamoja na sindano yakaja maradhi ya UKIMWI na homa ya ini, yakipita kutoka damu ya huyu hadi damu ya yule. Pombe nayo haikuwa na haja ya meli. Ipo ya dukani na ipo ya kuvukizwa vichochoroni, na miongoni mwa wanaoizoea wamo watoto wa Waislamu, tena wengine ni watu wazima wenye kazi zao na vilemba vyao.

Vijana wana neno lao, arosto. Ndiyo hali inayompata mtumiaji wa unga anapoukosa. Saa 8 hadi 12 baada ya kipimo cha mwisho, macho huanza kutoka machozi na pua makamasi, miayo haikatiki, mifupa huuma kama inayovunjwa, tumbo huharisha, na mtu hutapika na kutetemeka. Ukali wake huwa siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua kwa muda wa wiki hivi. Mtu aliyefika hapo hatafuti tena starehe. Anakimbia maumivu. Ndiyo maana mwana aliyelelewa vizuri huiba sufuria ya mamake, hali akilia. Kadhalika, baada ya wiki hiyo mwili huwa umetulia lakini hamu haijaondoka. Hukaa miezi, na pengine zaidi, ikingoja siku ya dhiki au rafiki wa zamani.

Pombe ina hatari nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akiacha ghafla bila ya daktari, aweza kushikwa na kifafa katika siku mbili za mwanzo. Baina ya siku ya pili na ya nne aweza kuweweseka, akaona visivyokuwapo, homa ikampanda na moyo ukamwenda mbio, na hali hii isipotibiwa huweza kuua. Basi jamaa wanaomfungia mlevi chumbani ili "pombe imtoke" huenda wakaitoa roho pamoja nayo. Mlevi wa miaka mingi, hatua yake ya kwanza ni hospitali, apewe dawa za kutuliza kwa kipimo na vitamini anazozikosa mwilini. Nyumba ya kukaa itafuata baadaye.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, katika sahihi ya Bukhari imepokewa habari ya mtu mmoja wa Madina aliyekuwa akiletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) mara kwa mara kwa sababu ya kunywa. Siku moja mtu mwingine akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume (S.A.W.) akakataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na katika mapokezi mengine akawakataza watu wasimsaidie shetani juu ya ndugu yao. Zingatieni: hakusema kwamba kunywa kwake si kosa, na adhabu haikufutwa. Lakini mlango wa umma haukufungwa usoni mwake.

Sasa tuangalie namna tunavyowasaidia mashetani juu ya ndugu zetu, ilhali tukidhani tunawasaidia ndugu zetu.

Ya kwanza ni kuficha. Mama anajua, baba anajua, na kila mmoja anamficha mwenziwe. Wahenga walisema: mficha maradhi kilio humfichua. Na tofauti iko baina ya kusitiri na kuficha. Kusitiri ni kutotangaza aibu ya Mwislamu kwa watu wasiohusika. Kumweleza daktari si kufedhehi, na kuwaita wajomba wawili wenye busara mkashauriana si kufedhehi.

Ya pili ni kumpa. Mama humpa mwana pesa kidogo asubuhi ili asiende kuiba, na jioni tena ili asilie. Huruma hiyo twaifahamu, na Mola anaijua zaidi. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Mpeni chakula, mpeni nguo, mpeni nauli kwa kumpeleka wenyewe hospitalini. Pesa mkononi mwake ni kumnunulia maradhi.

Ya tatu ni kumwoza. Husemwa: "Tumwoze, atatulia." Binti wa watu huchukuliwa, naye haambiwi, akaingizwa katika nyumba yenye moto. Kuficha maradhi kama haya wakati wa posa ni kughushi, nasi hatuoni udhuru wake. Mfano wake ni kumpeleka Uarabuni au shamba kwa babu, kwa matumaini kwamba mahali papya patamponya. Maradhi husafiri na mwenye nayo.

Ya nne ni minyororo. Wako wanaofungwa mguuni uani kama wanyama, wakapigwa na kumwagiwa maji. Haya hayakuamrishwa na sheria wala hayakushauriwa na tiba, na mgonjwa anayefunguliwa kutoka mnyororoni hurudi kwenye unga akiwa na kinyongo juu ya unga wake.

Ya tano ni kukitegemea kisomo peke yake. Kusomewa Qur'ani ni baraka na dua ni silaha ya muumini, wala hatumkatazi mtu. Lakini yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake na amtegemee Mwenyezi Mungu, aliamrishwa amfunge kwanza kisha ategemee. Basi mfungeni ngamia.

Ndugu Waislamu, tukisha kuziacha njia hizi tano, tunabaki na njia za tiba, nazo si moja. Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe.

Iko tiba ambayo mgonjwa hulala kwao na kwenda hospitalini kila siku. Kwa watumiaji wa unga, ni dawa iitwayo methadoni. Katika nchi ya Tanzania ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na Unguja katika hospitali ya Kidongo Chekundu mwaka 2015. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, mwaka 2014, kisha ikafika Malindi mwaka 2015. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, nayo hudumu mwilini mchana na usiku, akawa hapati arosto na hana haja ya sindano. Katika kliniki za serikali ya Tanzania hutolewa bila ya malipo. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2005.

Wako wanaosema: huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Twawajibu kwa upole. Mlevi hutafuta kupotewa na akili. Huyu anapewa kipimo na daktari ili akili yake irudi, apate kuswali, kufanya kazi na kulea watoto. Maulamaa wameikubali kanuni kwamba madhara huondolewa, na kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Na tukumbuke kwamba Mola aliyeharimisha ulevi hakuuondoa kwa watu wa kwanza kwa siku moja. Kulikuwa na aya ya Al-Baqara, kisha ya An-Nisaa, ndipo ikaja ya Al-Maida. Hukumu leo imekamilika wala hairudi nyuma, lakini hekima ya kuichukua nafsi kwa hatua imebaki kuwa somo kwa waganga. Basi asitokee mtu msikitini akamwambia mgonjwa aache dawa yake. Na ukija mwezi wa Ramadhani, mgonjwa na awaulize pamoja daktari wake na sheikh wake, wala asiikate mwenyewe.

Na iko tiba ambayo mgonjwa huondoka kwao akakaa katika nyumba maalumu. Malindi ilitangulia katika miaka ya 1990, na Unguja nyumba hizi zilianza kuenea tangu mwaka 2009, kisha zikafika miji mingi ya Tanzania bara. Kwa lugha ya serikali huitwa nyumba za upataji nafuu. Vijana huziita soba hausi. Nyingi huendeshwa na watu ambao wao wenyewe walikuwa waraibu wakapona. Huamka kwa saa maalumu, huswali pamoja, hupika na kufagia kwa zamu, na hukaa kwa mazungumzo ambamo kila mmoja husema ukweli wake.

Nyingi hufuata mpango wa hatua 12 uliotungwa Marekani katika miaka ya 1930 kwa ajili ya walevi wa pombe. Wazazi wengine huuliza kama mpango huu unapingana na dini. Uangalieni ulivyo: mtu akiri udhaifu wake, amwelekee Mungu, ajihesabu, aungame makosa na arudishe haki za aliowadhulumu. Mwislamu akiuchukua kwa imani yake mwenyewe, atayaona humo masharti ya toba aliyofundishwa chuoni: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudi, na kuwarudishia watu haki zao.

Basi nani wa kupelekwa katika nyumba hizi, na nani wa kutibiwa akiwa kwao? Tunasema, kwa mujibu wa tuliyoyajua kwa wenye elimu: nyumba ya kukaa humfaa zaidi yule ambaye amejaribu kuacha akiwa nyumbani zaidi ya mara moja akashindwa, ambaye unga au pombe iko mlangoni kwake, au ndani ya nyumba anamoishi wamo wengine wanaotumia, na ambaye hana mtu wa kumsimamia. Yule mwenye kazi, mwenye mke na jamaa wanaomshika mkono, na mwenye kliniki iliyo karibu, huenda akatibika bila ya kuondolewa kwao. Na yule ambaye akili yake imevurugika, anayesikia sauti au anayetaka kujiua, huyo aanze kwa madaktari wa akili. Nyumba isiyo na daktari si mahali pake.

Mkisha kuona kwamba nyumba ya kukaa ndiyo ifaayo, msitoe hata senti kabla ya kwenda kuiona kwa macho yenu. Ulizeni haya.

Kwanza: je, imesajiliwa na mamlaka zinazohusika, na nani anayeikagua?

Pili: ni daktari gani au hospitali gani inayompima mgonjwa anapoingia, na kumwangalia katika siku za arosto? Je, hupimwa kifua kikuu, homa ya ini na UKIMWI kwa ridhaa yake na kwa siri?

Tatu: je, wanapiga, wanafunga, au wanawanyima watu chakula? Wakisema wanafanya hivyo kwa faida ya mgonjwa, ondokeni.

Nne: je, jamaa huruhusiwa kuzuru? Mahali panapomficha mgonjwa kwa ndugu zake pana la kuficha.

Tano: mgonjwa atakaa muda gani? Wataalamu wengi wameona kwamba mkao usiofika siku 90 huwa na faida ndogo. Anayewaahidi kumponya kwa siku 10 anauza maneno.

Sita: wakimtibu mwenye methadoni, je, humwacha aendelee na dawa yake, au humlazimisha aitupe mlangoni?

Saba: ada ni kiasi gani, inalipia nini, na akitoka mapema hurudishwa nini? Andikianeni. Sura ya Al-Baqara imetuamrisha kuandika deni. Na makubaliano ya roho ya mtu yanastahiki kuandikwa zaidi.

Na juu ya mali, enyi wazazi, msiuze chote. Wekeni fungu la siku atakayorudi, kwani ndiyo siku ngumu zaidi, kama tutakavyoeleza.

Lililobaki ni ridhaa yake mwenyewe. Wengi huuliza: je, tumkamate usiku tumpeleke kwa nguvu? Moyo uliokokotwa hufikiria njia ya kutoka tu. Zungumzeni naye asubuhi akiwa ametulia, si wakati amelewa wala wakati wa arosto. Azungumze mtu mmoja anayempenda na kumstahi, pengine shangazi au mwalimu wake wa chuoni, wala msimkalishe katikati ya ukoo mzima kama mshitakiwa. Mwambieni mliyoyaona kwa macho, bila ya kumtukana. Mpeni hiari yenye mipaka: "Twakupenda, na chakula chako kipo, lakini pesa hatutakupa tena, na unga hautaingia katika nyumba hii. Ukisema ndiyo, tutakwenda nawe leo hii." Na akisema ndiyo, mwende leo hii. Ndiyo ya mraibu ni kama maji kupwa na kujaa. Usipoiwahi, itakuacha ufukoni. Kwa hivyo mahali pawe pamekwisha kutafutwa kabla hamjamwuliza.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yetu na yenu na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, katika khutba ya kwanza tumesema juu ya kwenda. Sasa tuseme juu ya kurudi.

Mtu aliyekaa miezi bila ya unga, mwili wake husahau kuuvumilia. Akirudi mtaani, akashindwa na hamu siku moja tu, akatumia kiasi kile kile alichokizoea zamani, kiasi hicho huweza kumwua papo hapo. Wengi hufa hivi, baada ya kutoka nyumba ya tiba au gerezani, na watu wakasema amerogwa au amepewa sumu. Ijueni alama yake: pumzi huwa nzito na chache, midomo hugeuka rangi, mboni za macho huwa kama ncha ya sindano, na mtu akiitwa haitiki. Mlazeni ubavu ili asipaliwe na matapishi, msimwache peke yake, na mkimbizeni hospitalini mkiwaambia ukweli juu ya alichotumia. Iko dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumzindua ikiwahiwa. Atakayeficha ukweli kwa ajili ya heshima ya nyumba atakuwa ameiweka heshima juu ya uhai, na sheria yetu imeuhifadhi uhai kabla ya mali na kabla ya sifa za watu.

Na akianguka, asihesabiwe kwamba tiba imekuwa bure. Mgonjwa wa sukari au wa presha hupandwa na maradhi mara kwa mara, naye harudishwi hospitalini kwa matusi. Toba nayo, mlango wake haufungwi kwa kuwa mtu alitubu jana akateleza leo. Mrudisheni katika tiba mapema, kabla ufa haujawa ukuta wa kujengwa upya.

Anaporudi, asirudi kwenye baraza ile ile ya jana. Kama iko nyumba ya ndugu katika mtaa mwingine, akae huko kwanza. Apatiwe kazi, ijapokuwa ndogo, na ujira wake mwanzoni ushikwe na mtu anayemwamini. Aendelee na mikutano ya wenziwe waliopona, kwani wao wanaijua njia yenye miba. Na akija msikitini, enyi ndugu zangu, mpeni nafasi katika safu. Msisogeze viatu vyenu mkimtazama. Huenda ile rakaa anayoswali pembeni mwenu ndiyo ya kwanza baada ya miaka kumi, naye anawaangalia kama mnamtaka.

Tunawakumbusha pia juu ya mabinti. Nyumba nyingi za tiba zilianzishwa kwa ajili ya wanaume, na mwanamke mwenye maradhi haya hufichwa zaidi, hutukanwa zaidi, na huogopa kunyang'anywa watoto wake akijitokeza. Naye ana haki ile ile ya dawa. Atafutiwe mahali pa wanawake peke yao penye wahudumu wanawake, na watoto wake walelewe na jamaa kwa muda wa tiba bila ya masimango.

Mwisho, jambo hili haliwezi kuachiwa kila familia peke yake. Umma huu ulikuwa ukiwalaza na kuwatibu wagonjwa wake kwa mali ya wakfu. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Kairo mwaka 1284, aliiwekea wakfu wa kuiendesha, ikawatibu wanaume na wanawake, tajiri na fakiri, na wagonjwa wa akili wakawa na sehemu yao humo. Basi kumweka mgonjwa ndani akatibiwa kwa utu si uzushi wa wageni. Ni mali yetu tuliyoisahau. Kila kamati ya msikiti yaweza kuwa na watu wawili wanaojua kliniki iko wapi na nyumba gani ni za kuaminika, ili mama anayelia asianze kutafuta usiku wa manane. Yaweza kuwa na mfuko wa sadaka wa kulipa ada moja kwa moja kwa wanaotibu. Na kama zaka yafaa kutolewa katika jambo hili kwa maskini mwenye kustahiki, waulizwe masheikh wa mji. Wenye nyumba zilizofungwa, ambao warithi wako nchi za mbali, wafikirie kama hapana hata moja iwezayo kuwekwa wakfu kwa kazi hii.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, kila mmoja wenu ana jina moja moyoni mwake wakati huu tunaposema: mwana, kaka, mume, au jirani. Na huenda jina hilo ni lake mwenyewe, ameketi safu ya nyuma na siri yake. Kwa huyu wa mwisho twasema: hujachelewa. Baada ya sala mfuate imamu au mtu mzima unayemwamini, umwambie neno moja tu, kwamba unaumwa. Mengine atakusaidia kuyasema.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu wanaojulikana na waliofichwa. Walete karibu waliopotea njiani, uwatie nguvu wanaopambana na hamu usiku peke yao. Wape subira akina mama, na hekima akina baba, na amana wale waliochukua kazi ya kutibu. Walinde watoto wetu na wanaowauzia maangamizi, na uwaongoze wenye kuuza waache. Wasamehe waliotutangulia, waliokufa kwa maradhi haya na wasiokufa kwayo, na utupe sisi mwisho mwema. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu Mtukufu naye atawakumbuka, na mshukuruni kwa neema zake. Simamisheni sala.